Mashina Niliyoyavusha Ziwani

Ugonjwa unaoozesha mihogo kijijini kwetu Ukerewe niliupeleka mimi. Watu wamesema umeletwa na ziwa lilipofura mwaka 2020 likalowesha mashamba ya mwambao. Wengine wamesema ni udongo uliochoka. Wengine wamemnyooshea kidole mzee mmoja jirani yetu kwa mambo ambayo sitayaandika hapa, na yote hayo nimeyasikia nikiwa nimekaa nao mkeka mmoja, nikanyamaza. Nimeshaungama kwa mama yangu. Nimeungama kwa mzee yule. Sasa naungama kwa kila anayelima muhogo, kwa kuwa mashina niliyoyabeba hayakuishia kwetu.

Ukerewe ni kisiwa chenye watu wengi na ardhi ndogo. Mpunga upo mabondeni, machungwa yapo, samaki wanakwenda Mwanza kila siku, lakini ugali wa nyumba nyingi unatokana na muhogo uliovundikwa, ukaanikwa ukawa udaga, ukasagwa. Mama alikuwa na aina chache za zamani shambani. Mojawapo aliirithi kwa bibi, muhogo mtamu ambao sisi watoto tuliuchimba na kuutafuna mbichi tukitoka shule. Miaka ya karibuni shamba lile lilikuwa limedhoofika. Majani yalijikunja na kuwa na mabaka ya njano na kijani, ile batobato inayojulikana kila mahali, na mavuno yakapungua hata mama akaanza kununua udaga sokoni. Mimi nilikuwa Dar es Salaam, mhasibu katika kampuni binafsi, nikituma fedha kila mwezi na kuona aibu kwamba mtu aliyenisomesha kwa muhogo sasa ananunua muhogo.

Mwaka 2019 mwenzangu wa kazini alinialika shambani kwa nduguze, wilaya ya Mkuranga. Nikakuta mihogo aina ya Kiroba imesimama imara, majani mapana, mashina manene. Tulichimba mmoja nikaukata mwenyewe: mweupe ndani, hauna doa. Siku hiyo hiyo niliamua. Wenyeji hawakunidai chochote ila soda za watoto. Walikata mashina, wakayafunga mafungu kwa kamba za mkonge, na mzee wa nyumba akaniambia jambo moja tu, kwamba siku hizi mbegu ya muhogo ikitoka wilayani inatakiwa ipite kwa mkaguzi.

Nilikwenda. Nataka jambo hili lieleweke, maana sikufanya kwa kutojua. Nilikwenda ofisi ya kilimo nikamkuta kijana mmoja ambaye alikuwa ameidhinishwa kukagua mbegu. Nilimweleza safari yangu, nikamwomba aniandikie karatasi.

"Dada, mashina hayo yana majani?" akaniuliza.

"Hayana. Tumeshakata."

"Basi nikague nini? Ugonjwa wa muhogo unasomwa kwenye majani, mti ukiwa umesimama. Ukishaukata, mimi na wewe wote tunaona vijiti tu."

Akanieleza taratibu, bila kunidharau. Mkaguzi hupita shambani wakati mihogo inakua, zaidi ya mara moja, akitazama mti baada ya mti. Shamba likifaulu ndipo mbegu yake hupewa cheti. Na hata shamba likifaulu kwa daraja la kuazimiwa ubora, mbegu hiyo imekusudiwa wakulima wa jirani na pale ilipozalishwa, haikusudiwi kuvuka nchi. Aliniambia Mwanza kuna kituo cha utafiti cha Ukiriguru, niulize huko mbegu safi iliyozalishwa kwa ajili ya Kanda ya Ziwa. Alikuwa sahihi katika kila neno.

Mimi nilisikia kitu kingine. Nilisikia mtu anayetafuta hongo. Nikakunja noti, nikaichomeka chini ya daftari lake. Akaisukuma kwa kidole mpaka ikafika upande wangu wa meza, akaendelea kuniandikia jina la kituo kwenye kipande cha karatasi kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilitoka pale na hasira kubwa kuliko ambayo ningetoka nayo kama angeichukua. Karatasi yake niliitupa kabla sijafika stendi.

Jambo linaloniuma nikilikumbuka ni hili: kazini kwangu nilikuwa nikirudisha hati ya malipo kwa kukosa sahihi moja. Madereva waliolala njiani wakingoja posho walinisihi, na mimi niliwaambia utaratibu ni utaratibu. Nilijua kabisa kwa nini sahihi ya mtu wa pili inahitajika, kwa sababu macho ya mwenye haja huona anachotaka kuona. Lakini ilipofika zamu ya mama yangu kuwa na haja, nilijiona nina ruhusa iliyo juu ya ruhusa za serikali.

Niliyatia mashina kwenye viroba vya sandarusi, nikayapakia kwenye buti la basi la Mwanza. Kondakta aliuliza ni nini. Nikasema ni dawa za kienyeji za mgonjwa. Uongo huo niliurudia bandarini Mwanza kabla ya kupanda meli ya kwenda Nansio, kisiwani kwetu, na ulipokelewa kwa heshima kwa sababu nilitaja mgonjwa. Mama alinipokea kwa vigelegele. Alikata pingili kwa mkono wake mwenyewe na kuzipanda pembeni mwa mihogo ya bibi, ili azilinganishe.

Nilichokibeba kinaitwa michirizi ya kahawia. Ni ugonjwa wa virusi na ni wa nchi hii kwa maana ya kusikitisha, kwani mtu wa kwanza kuueleza kitaalamu alikuwa Mwingereza H. H. Storey, mwaka 1936, kwenye kituo cha Amani katika Usambara Mashariki. Kituo hicho kilikuwa kimeanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Storey na waliomfuata walitumia miaka mingi pale wakizalisha muhogo chotara kwa kuuchanganya na ndugu yake wa porini, mti wa mpira, wakitafuta mmea utakaostahimili. Baadhi ya aina zinazostahimili ugonjwa huo leo, kama Namikonga ya kusini, zina asili katika kazi ile ya Amani. Kwa miongo mingi ilidhaniwa kwamba michirizi ya kahawia ni tatizo la pwani na nyanda za chini. Mwaka 2004 ikaonekana Uganda, mahali palipo juu ya mita 1,000 ambapo haikutarajiwa kabisa, na miaka iliyofuata ikazunguka Ziwa Victoria: magharibi ya Kenya, Kagera, Mara, Mwanza, kisha Burundi, Rwanda na mashariki ya Kongo.

Virusi hivi husafiri kwa njia mbili. Nzi weupe, wale wadudu wadogo wanaoruka ukitikisa jani la muhogo, hufyonza mti mgonjwa na kuambukiza mti wa jirani. Lakini nzi mweupe hawezi kubeba virusi hivi mbali, kwa kuwa hupotea mwilini mwake baada ya muda mfupi. Kutoka Pwani mpaka kisiwani, zaidi ya kilomita elfu moja, vinahitaji mtu mwenye kiroba.

Na kuna hila nyingine ambayo laiti ningeisikiliza. Ugonjwa huu hauui mti. Juu unaweza kuonekana umenawiri. Majani yanayoonyesha dalili ni yale ya chini, yaliyokomaa, yenye manjano yanayofuata mishipa kama unyoya, na mkulima ambaye amezoea batobato hutazama majani machanga ya juu. Huko chini ya ardhi ndiko muhogo unakokuwa mgumu, wenye mabaka ya kahawia yaliyokauka kama gome. Kiroba, ile niliyoichimba Mkuranga nikaona ni nyeupe safi, ni aina mvumilivu. Huweza kuwa na virusi na bado ikatoa mihogo mizuri. Kwa hiyo ushahidi nilioukata kwa kisu changu ulikuwa wa kweli na haukuthibitisha chochote. Muhogo unaovumilia ugonjwa hulisha mwenye shamba vizuri, na wakati huohuo huwapa nzi weupe wa shamba zima virusi vya kupeleka kwenye aina zisizovumilia. Kijana wa ukaguzi angeyatazama majani ya chini. Ndiyo kazi aliyofundishwa.

Mavuno ya kwanza ya Kiroba kwa mama yalikuwa makubwa. Majirani walikuja kutazama, na kila aliyekuja aliondoka na fungu la mashina. Kwetu mtu akikuomba mbegu ya muhogo humnyimi wala humuuzii. Mashina yangebaki yangekauka tu, kwa hiyo kumpa jirani hakukupunguzii kitu na kunaongeza udugu. Binti anayeolewa kijiji kingine huenda nayo. Mgeni aliyekuja msibani hurudi nayo. Ugonjwa niliouleta ulipita njia hiyo, njia ya watu kutendeana mema, na kila aliyeupokea alishukuru. Naandika hili nikiwa na uchungu kuliko lingine lolote. Ningeiba au ningedhulumu, madhara yangeishia kwa niliowadhulumu.

Msimu wa pili mihogo ya bibi ilianza kuoza. Mama alichimba akaona mabaka ya kahawia, akadhani amechelewa kuvuna. Akachimba mti mwingine, na mwingine. Alijaribu kukata sehemu mbovu na kuvundika iliyobaki, udaga ukatoka mweusi wenye uchungu, sokoni wakaukataa. Majirani waliokuwa na aina za zamani walikutwa na jambo lilelile, shamba baada ya shamba, kuanzia waliopakana na sisi. Na kwa kuwa Kiroba ilikuwa bado inatoa mihogo myeupe, watu walihitimisha kwamba mbegu za zamani zimechoka na mbegu ya mtoto wa mama fulani ndiyo mkombozi. Wakazidi kuiomba. Wakanipigia simu Dar kunishukuru.

Wakati huo nilikuwa nimeshaanza kushuku. Nilisoma, nikaona picha za majani, nikafunga kompyuta. Nilijiambia kwamba ugonjwa ulikuwa umeshasambaa Kanda ya Ziwa miaka mingi kabla yangu, kwamba ungefika kisiwani hata bila mimi. Utetezi huo nimeusikia pia kwa watu wanaonipenda. Labda ungefika. Lakini mtu aliyepitisha moto kwenye nyumba ya mwenzake hasamehewi kwa kusema kwamba mtaa mzima ulikuwa na majiko. Kwetu uliingia kupitia shamba la mama, kutoka kwenye kiroba changu.

Kisha wakaja wataalamu. Nilikuwa likizo kijijini. Walichuma majani, wakayafunga kwenye bahasha zenye namba kwa ajili ya kupimwa maabara, wakachana mashina kuonyesha michirizi kwenye gamba, wakatuita chini ya mwembe. Waliuliza kwa upole: kuna mtu alileta mbegu kutoka nje ya kisiwa? Walieleza kwamba hawatafuti wa kumshtaki, wanahitaji kujua chanzo ili wajue mbegu hiyo imefika wapi na wapi, waifuate. Mama alinitazama. Alikuwa anasubiri niseme, maana kwake halikuwa jambo la kuficha, alidhani nitasimama kwa fahari. Nikatazama chini. Mama naye akanyamaza kwa kunistahi. Wakaondoka wakiwa na majani na bila historia yake.

Kuvusha mashina kulikuwa kosa la upofu uliochanganyika na kiburi. Kunyamaza chini ya mwembe kulikuwa kosa la mtu anayejua. Kama ningesema siku ile, wangeweza kwenda moja kwa moja kwenye nyumba ambazo mama angewatajia, kabla ya vijiti vile kupandwa tena msimu uliofuata. Na mzee yule jirani asingeishi mwaka mzima akikwepwa kisimani.

Nimejifunza tangu hapo kazi za ofisi ambazo nilizihesabu kuwa kero. Taasisi ya Uthibiti wa Ubora wa Mbegu, TOSCI, yenye makao yake Morogoro, ilianzishwa kwa Sheria ya Mbegu ya 2003. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, iliundwa kwa sheria ya 2020 na makao yake yako Arusha. Ndiyo inayosimamia mipaka, bandari na viwanja vya ndege ili wadudu na magonjwa yasiingie, na ndiyo inayoshughulika na viuatilifu, kweleakwelea na nzige. Taasisi ya Utafiti wa Kilimo, TARI, inafanya utafiti na kutoa mbegu za mwanzo, kisha wazalishaji wa mbegu, wengi wao wakulima wa kawaida vijijini, huzizidisha chini ya jicho la wakaguzi. Zamani nilifikiri kazi hii yote ni kumlinda mnunuzi asiuziwe mbegu mbovu, na kwa kuwa mnunuzi ni mimi na nimeridhika, serikali inaniingiliaje? Lakini cheti cha mbegu kinamlinda zaidi mtu ambaye hayupo wakati wa mauziano. Kinamlinda jirani ambaye hajanunua chochote, na muhogo wa bibi yake uliosimama upande wa pili wa ua. Huyo hana mtu mwingine wa kumsemea pale ofisini isipokuwa yule kijana aliyeisukuma noti yangu.

Sitazisifu ofisi hizi kupita ukweli. Wakaguzi ni wachache, mashamba ni mengi na yametawanyika, na mkulima anayeishi kisiwani anaweza kukaa maisha yake yote asimwone mmoja. Mara nyingi mkulima husikia habari zao kwa namna ya katazo au faini, haelezwi kwa nini. Mahindi yanajulikana kuwa na mbegu ya dukani, yenye pakiti na lebo. Muhogo umekuwa ni wa kuombana tangu mababu, na kumwambia mama yangu kwamba shina la muhogo linahitaji cheti ni kumwambia jambo geni kabisa. Mtu akitaka afuatwe, sharti kwanza aelekeze. Mimi nilielekezwa, tena vizuri, ndiyo maana sina pa kujifichia, lakini wengi hawapati bahati hiyo.

Pia naamini sheria peke yake haiwezi. Miaka ya 2010 watafiti walifanya kazi na wanakijiji wa Chato na Mkuranga, ndiyo, Mkuranga ileile, wakakubaliana kung'oa mihogo yote ya zamani katika eneo zima na kupanda mbegu safi kwa pamoja, huku kamati za wanakijiji wenyewe zikikagua na kung'oa miti inayoonyesha dalili. Iliwezekana kwa sababu walikubaliana wote. Mtu mmoja angebakisha shamba lake lenye ugonjwa, nzi weupe wangerudisha kila kitu. Nafikiri sana juu ya mikutano ile, jinsi ilivyo vigumu kumwomba mama mwenye watoto ang'oe chakula kilicho ardhini kwa ahadi ya chakula kijacho. Wataalamu walioweza kuomba hivyo wakakubaliwa wamefanya kazi kubwa kuliko ripoti zinavyoonyesha.

Baada ya kuungama kwa mama, alilia, kisha akaniambia niende kwa mzee jirani kabla ya chakula cha jioni. Nilikwenda. Hakunilaumu kwa maneno. Aliniuliza kama mbegu safi inapatikana na itagharimu kiasi gani, nikamwambia gharama ni yangu. Tuling'oa shamba la mama lote, Kiroba na za zamani, tukateketeza. Nimelipia mashina yaliyokaguliwa kwa ajili ya nyumba zinazopakana na sisi, na afisa ugani wa kata anazo sasa habari zote nilizowanyima wale wa mwembeni: lini, kutoka wapi, mashina yalifika kwa nani.

Muhogo wa bibi sijaupata tena. Watafiti huweza kusafisha virusi kwa kukuza kichipukizi kidogo maabara, lakini ni lazima uwe na mti wa kuanzia, na sisi tulikuwa tumeshachoma. Nimeulizia visiwa vya jirani na kwa ndugu wa upande wa Bunda. Nimeletewa mihogo mitamu inayofanana, mama akaonja, akatikisa kichwa.

Sasa nawasemesha wale ambao mashina yale yaliwafikia, kwa ndoa, kwa msiba, au kwa ujirani, tangu mwishoni mwa 2019. Kama una Kiroba iliyotoka kwetu, usimgawie mtu shina lake, hata akikuomba kwa kukusihi. Miezi sita baada ya kupanda, inama utazame majani ya chini yaliyokomaa, uone kama manjano yanafuata mishipa. Tazama pia gamba la shina lililo changa kama lina michirizi ya kahawia. Usihukumu kwa kukata muhogo mmoja. Ukiona dalili, mwite afisa ugani wa kata yako kabla hujakata mashina, wakati majani yangali juu ya mti, na umwambie bila kuogopa kwamba mbegu hiyo ilitoka Mkuranga ikavushwa bila kukaguliwa. Mwambie pia ni nani aliyeileta. Mama yangu yuko tayari kunitaja kwa jina.